Gitaa la mbao nzima au la plaiwudi? Kwanza niambie litalala wapi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Kama unanunua gitaa kavu (lisilotegemea umeme) moja la kupiga kwa miaka mingi, tafuta lenye uso wa mbao nzima, huku mgongo na mbavu zikiwa za tabaka, yaani plaiwudi. Gitaa la mbao nzima pande zote ni la mtu mwenye mahali pa kulitunza na mwenye sikio linalodai zaidi. Na lile la tabaka tupu, ambalo watu hulisema vibaya hata kabla ya kulishika, lina kazi zake ambazo hayo mengine mawili hayaziwezi. Mliobaki, tuendelee.

Mimi nafundisha gitaa na ninapigia kwaya, kwa hiyo vyombo vinapita mikononi mwangu kila wiki: vya wanafunzi, vya kuazima, vya watu wanaotaka nivikague kabla hawajatoa hela. Nyumbani ninayo matatu ninayoyatumia kulinganisha. Yote yana umbo lile pana la dreadnought, yote nimeyafunga nyuzi za aina moja, kipimo cha 12 hadi 53 (unene wake kwa elfu za inchi), ili mtu asije akasifia mbao kumbe anasifia nyuzi mpya. La kwanza ni tabaka tupu, kuanzia uso hadi mgongo. La pili lina uso wa sprusi nzima (mbao nyepesi ya jamii ya msonobari) na mwili wa mahogani ya tabaka. La tatu ni sprusi na mahogani, nzima kwa nzima. Kampuni zake sizitaji kwa sababu ninachopima hapa ni mbao, si nembo iliyobandikwa kichwani.

Mbao nzima ni ubao uliopasuliwa kutoka gogo na kupigwa randa mpaka ukabaki mwembamba. Kwenye uso wa gitaa huwa hata milimita 3 haifiki. Tabaka ni plaiwudi: ngozi nyembamba za mbao, mara nyingi tatu, zilizogandishwa kwa gundi, ile ya katikati ikilazwa ili mishipa yake ikatishe mishipa ya zile mbili. Ngozi ya nje huwa ya mbao ya kuvutia macho, ya katikati ni yoyote iliyopatikana. Kuna na kundi la tatu ambalo si mbao kabisa kwa maana tuliyoizoea. Martin, kwa mfano, katika magitaa yao ya mfululizo wa X hutumia karatasi zilizoloweshwa resini, zikabanwa kwa joto na shinikizo kubwa hadi zikawa kitu kimoja kigumu. Ile mishipa mizuri unayoiona juu yake imechapwa, ni picha. Mwanafunzi wangu mmoja aliisifia mishipa ya mgongo wa gitaa lake kwa muda mrefu sana, nami nikanyamaza tu. Gitaa lenyewe linalia vizuri, kwa nini nimharibie siku?

Sasa uso. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana hapa ndipo hela yako inapoenda.

Uzi wa gitaa peke yake hauna sauti ya maana. Ufunge kwenye misumari miwili, uupige, utasikia kitu kama mbu. Kazi ya uzi ni kulitikisa daraja, kile kipande kilichobandikwa usoni ambako nyuzi zinafungwa. Daraja linautikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa mpaka sikioni. Nyuzi za kipimo hicho cha 12 hadi 53, zikikazwa kwenye tyuni ya kawaida, kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, hata gitaa likiwa ndani ya begi. Fundi anatakiwa atengeneze ubao unaostahimili mvuto huo bila kukunjika, na papo hapo uwe mwepesi kiasi cha kutikiswa na ncha ya kidole. Ndiyo sababu ndani kumewekwa fito, na mpangilio wa fito kwa umbo la X ulikomaa katika karakana ya C. F. Martin huko Marekani miaka ya 1840 na bado unatumika. Ndiyo sababu pia sprusi na mwerezi vimetawala: ni mbao ngumu kwa upande wa urefu wa mishipa, lakini nyepesi.

Plaiwudi inavuruga hesabu hiyo. Ngozi ya katikati iliyolazwa kukatisha inapunguza ugumu wa urefu na kuuongeza upande wa upana, ambako hauhitajiki sana. Gundi nayo inaongeza uzito na kumeza mtikisiko. Unapata uso imara, usiopasuka ovyo, lakini mvivu kuitika.

Uvivu huo unasikika wapi? Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya G kwa nguvu na uache nyuzi zilie zenyewe. Kwenye gitaa langu la kwanza sauti inatoka kwa kishindo kizuri, halafu inashuka haraka. Uzi mnene unabaki ukinguruma na zile nyembamba mbili zinakuwa zimeshazimika. La pili, sauti inapanda kidogo baada ya kupiga, inatanda, na ndani yake unazisikia noti moja moja zikififia kwa zamu yake. Lakini kodi ya nguvu si kipimo kizuri, maana gitaa lolote likipigwa kwa nguvu linajikakamua. Kipimo ninachokiamini ni kinyume chake: weka piki, kile kiplastiki cha kupigia, pembeni, tumia nyama ya kidole gumba, na upige uzi wa pili kwa upole kabisa, kama vile kuna mtoto amelala chumba cha pili. Gitaa la uso wa mbao nzima bado litazungumza. Noti itakuwa ndogo, lakini ina mwili. La tabaka, chini ya kiwango fulani cha nguvu, noti inakonda na kukauka. Unasikia zaidi mguso wa kidole kuliko noti yenyewe. Na ukipanda juu, ukazidi kupiga kwa nguvu, la tabaka linafika ukomo wake mapema. Kuanzia pale unaongeza jasho tu.

Kwa maneno mengine, uso wa mbao nzima unakupa nafasi kubwa kati ya kunong'ona na kupiga kelele. Mpigaji anayecharaza kodi nne za wimbo mmoja na wenzake kumi wakiimba juu yake haihitaji nafasi hiyo. Anayepiga kwa vidole, peke yake, sebuleni, ataihitaji ndani ya mwaka wa kwanza.

Nilimwomba rafiki yangu anayepiga besi akae nyuma yangu na kupiga kipande kilekile kwa kila gitaa, kwa mpangilio anaoujua yeye. Alipotumia vidole, la tabaka tupu nililitambua kila mara na sikuwa na haja ya kufikiri. Alipolicharaza kwa piki nilianza kusita. Lakini kati ya la pili na la tatu, yaani uso mmoja na miili tofauti, nilikuwa nabahatisha. Nilidhani nasikia besi iliyojaa zaidi kwenye mbao nzima. Mara mbili nikaisifia besi hiyo kwenye gitaa lenye mgongo wa plaiwudi. Rafiki alicheka sana.

Sikushangaa sana, kwa sababu mafundi wenyewe walishalionyesha jambo hili zamani. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania ambaye magitaa ya kisasa ya nyuzi za nailoni yanafuata kazi yake, alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi lakini mgongo na mbavu zake akazifanya kwa karatasi ngumu. Karatasi! Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio unaobeba sauti. Gitaa hilo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Muziki la Barcelona. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao: magitaa sita yaliyotengenezwa sawasawa na fundi Roger Bucknall, tofauti ikiwa ni mbao za mgongo na mbavu tu, yakajaribiwa na wapigaji 52 waliozuiwa wasiione mbao hiyo. Alama walizoyapa zilikaribiana mno, na kuyatofautisha kwa sikio kuliwashinda wengi. Wao walikuwa wanapima mbao nzima ya aina moja dhidi ya nyingine, hawakupima plaiwudi, kwa hiyo usije ukaniambia sayansi imesema plaiwudi ni sawa na rosiwudi, ile mbao adimu ya migongo. Lakini mtu akikwambia mgongo ndio roho ya gitaa, una la kumjibu.

Na si kwamba mgongo wa tabaka ni ujanja wa kupunguza gharama tu. Magitaa ya Selmer yaliyobuniwa na Mario Maccaferri miaka ya 1930, yale ambayo mpiga gitaa la jazi Django Reinhardt aliyafanya yajulikane dunia nzima, yalikuwa na mgongo na mbavu za tabaka kwa makusudi. Kampuni ya Taylor hadi leo wanatumia uso wa mbao nzima na mwili wa tabaka katika mfululizo wao wa 100 na 200. Halafu fikiria na misitu. Mbao za jamii ya rosiwudi ziliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, watu wakawa wanaogopa kupita mipakani na magitaa yao, hadi Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliposamehewa kwa aina nyingi. Ile ya Brazili bado ina ulinzi mkali tangu 1992. Ngozi nyembamba ya mbao adimu inayotosha kufunika mgongo wa plaiwudi inatumia sehemu ndogo ya kile ambacho ubao mzima ungekula. Mimi hilo linanigusa kuliko besi iliyojaa ambayo siwezi kuitambua nikiwa nimegeuza kisogo.

Haya, litalala wapi?

Hili ndilo swali ninalomuuliza kila mtu kabla ya kumuuliza ana shilingi ngapi. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema, na kila inapokunywa inatanuka, hasa kwa upande wa upana, kukatisha mishipa. Plaiwudi nayo hunywa, lakini zile ngozi zilizokatishana zinashikana, hii haiwezi kutanuka bila ruhusa ya ile, kwa hiyo haiendi popote. Kilichoifanya iwe mvivu wa kuitika ndicho kinachoifanya ivumilie.

Watengenezaji wengi wa magitaa ya mbao nzima wanataka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Angalia kwenye kipima unyevu, ni kidude kidogo cha bei nafuu, uone chumba chako kinasoma ngapi saa sita mchana na saa sita usiku. Unyevu ukizidi, uso unavimba nyuma ya daraja, nyuzi zinanyanyuka, na gitaa linakuwa gumu kubana. Hilo huudhi, ila kwa kawaida linarudi. Ukipungua sana ndipo pana hatari.

Niliwahi kuletewa gitaa la mbao nzima, chombo cha kifahari, lililokuwa limetundikwa ukutani mkabala na kiyoyozi. Mwenyewe alilalamika kwamba "linamkata". Nilipitisha kidole pembeni ya shingo nikaelewa: ubao wa vidole ulikuwa umesinyaa kwa upana, lakini freti, vile vijiti vinavyokatisha shingo, ni chuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake zilikuwa zimetokeza nje kama meno ya msumeno. Nikaliinamisha chini ya taa. Uso kati ya tundu la sauti na daraja ulikuwa umebonyea, kivuli kimekaa pale. Nyuzi zilikuwa zimeshuka kiasi cha kugonga freti za juu. Na chini ya daraja, ukitazama kwa pembeni tu, kulikuwa na mstari mwembamba unaofuata mshipa wa sprusi. Ukiubonyeza taratibu kwa kidole gumba, upande mmoja ulishuka na mwingine ukabaki. Ufa.

Fundi hakuligusa kwa gundi siku hiyo. Alilifungia kwanza kwenye boksi lake na sifongo yenye unyevu ndani ya kopo la sabuni lililotobolewa matundu, akaliacha linywe polepole mpaka ufa ukajifunga wenyewe. Ndipo akausukumia gundi kwa ncha ya kidole kutoka nje, na kwa ndani, akipitisha mkono kwenye tundu la sauti na kutazama kwa kioo, akabandika vipande vidogo vya sprusi vilivyokatisha ufa. Sasa linalia kama zamani. Ile sifongo ya kopo la sabuni mwenye gitaa anaiona hadi leo, maana tulimwachia.

Sifa moja ya mbao nzima imo humo humo: inapasuka, lakini inazibika. Plaiwudi kwa kawaida haipasuki kwa ukavu, ila ikivunjwa kwa kukanyagwa au kuangushwa, ngozi zinachanika kila moja kwa upande wake, makali yanabaki na manyoya, na fundi anakuwa na kazi isiyopendeza. Na ikiloweshwa maji kwelikweli tabaka huachana. Tena kuna balaa lisilochagua: gari lililofungwa vioo juani. Joto la humo linalainisha gundi, na gundi ipo kwenye magitaa yote. Daraja linang'oka, shingo inajongea, mbao nzima kwa plaiwudi. Shingo yenyewe, hata kwenye gitaa la tabaka tupu, kwa kawaida ni mbao nzima, kwa hiyo usidhani umenunua jiwe.

Gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa Gallotone Champion, la tabaka, lililotengenezwa Afrika Kusini, na ndani ya tundu lake kulikuwa na maandishi ya kuhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Naipenda sana lebo hiyo. Haikuahidi sauti tamu. Iliahidi kile inachokiweza, na kijana akajifunza kodi zake.

Kwa hiyo, gitaa litakalolala chini ya kitanda cha bweni, litakaloazimwa na kila anayepita, litakalopanda basi juu ya mizigo, litakalotumiwa na mtoto wa miaka kumi: tabaka, bila aibu. La darasani kwangu la kuazimisha ni la tabaka na halijawahi hata siku moja kunipa presha. Kuna na kazi nyingine ambayo watu hawaitaji. Nikipigia kwaya, gitaa limechomekwa kwenye mitambo na spika imenielekea mgongoni, lile la mbao nzima linaanza kuunguruma kwenye noti za chini. Uso wake unatikiswa na spika, nao unairudishia, na duara linaendelea mpaka fundi mitambo anitolee macho. La tabaka linatulia. Kampuni ya Gibson walilijua hilo: ES-175 yao, iliyotoka 1949 kwa ajili ya kuchomekwa umeme, ilikuwa na mwili wa plaiwudi. Ukishapitisha sauti kwenye pikapu (kinasa mtikisiko) iliyo chini ya mfupa wa daraja, kile kijiti ambacho nyuzi hupita juu yake, ule ubora wa kunong'ona niliousifia juu sehemu kubwa yake haifiki kwa wasikilizaji.

Kuhusu ile hadithi kwamba gitaa la mbao nzima "hufunguka" kwa kupigwa na hukua na umri: ninalo la tatu muda mrefu na naamini limelainika. Lakini pia mimi nimelizoea, na nimejifunza mahali pa kulipiga. Usilinunue kwa ahadi hiyo. Kama leo halikupendezi, usilichukue ukingoje likue.

Sasa unawezaje kujua unachouziwa? Soma lebo kwa makini ya mwanasheria. Maneno "solid top" yanahusu uso peke yake. "All solid" ndiyo yanahusu mwili wote. Ukikuta "select spruce" au "spruce top" bila neno "solid", chukulia ni plaiwudi mpaka uthibitishiwe vingine. Mwenye mbao nzima haoni sababu ya kuificha. Kisha washa tochi ya simu na utazame ukingo wa tundu la sauti. Kwenye mbao nzima, mishipa ya juu inashuka na kuendelea kwenye unene wa ubao, mstari kwa mstari. Kwenye tabaka utaona mikanda, mara nyingi wa katikati ukiwa na rangi tofauti. Wengine hupaka rangi nyeusi ukingo huo au kuuzungushia plastiki. Hapo sina la kukuambia ila ujiulize kwa nini. Kwa mgongo, tafuta alama ya pekee upande wa nje, fundo au mshipa uliojikunja, halafu chungulia ndani mahali palepale. Kama ndani hakuna kitu kama hicho, umeona ngozi mbili tofauti.

Mstari wa maungio katikati ya uso au mgongo usikudanganye, hata plaiwudi huwekewa. Na kugonga kwa vidole kama anayenunua tikitimaji ni maigizo tu. Bado sijakutana na muuzaji aliyetishika kwa hilo.

Kabla ya mbao zote hizo, angalia nyuzi zimekaa juu kiasi gani. Kwenye freti ya 12, uzi mnene ukiwa kama milimita 2.5 juu ya freti na ule mwembamba kama 2, vidole vitashukuru. Magitaa mengi mapya yanatoka kiwandani yakiwa juu zaidi ya hapo, na nimeona wanafunzi wakiacha kabisa kwa maumivu wakidhani hawana kipaji. Kuchonga mfupa wa darajani na kurekebisha mifereji ya ule wa shingoni ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Gitaa la plaiwudi lililorekebishwa hivyo utalipiga kila siku. La mbao nzima lisilobanika utalipiga picha. Mtu akiwa na bajeti isiyovutika, namwambia achukue gitaa la daraja la chini kidogo na abakize hela ya fundi, na kama itabaki tena, abadilishe ile mifupa ya plastiki iwe mfupa wa kweli.

Mwenye kutafuta la mkono wa pili ana nafasi nzuri ya kupata mbao nzima, maana wengi huuza kwa kuchoka, si kwa ubovu. Nenda na rula ndefu iliyonyooka. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, iisukume mpaka kwenye daraja. Inatakiwa ipite sambamba na sehemu ya juu ya daraja au iwe juu yake kidogo tu. Pitisha na mkono ndani ya tundu, uguse fito zote unazozifikia. Iliyoachia hutikisika au hulia tik ukiibonyeza. Fito iliyoachia inagandishwa, ufa unazibwa. Lakini rula ikija kugonga ubavu wa daraja badala ya kupita juu, pembe ya shingo imeshachoka, na kuirudisha ni kung'oa shingo nzima. Hapo mrudishie mwenyewe gitaa lake, au mpunguze bei mpaka gharama ya kazi hiyo itoshe ndani yake.